Kitabu Kisichovuka Mlango

Alhamisi asubuhi Sajenti Devotha Mgonja alisema uongo, na aliusema bila kupepesa macho. Mkuu wake wa upelelezi pale Same alikuwa amempa hadi jioni ahamishe vitu vyake kwenye meza ya dirishani, kwa sababu meza hiyo sasa ilikuwa ya Anold. Anold huyo huyo aliyekuja miaka minne iliyopita hajui hata kuandika maelezo ya shahidi, akafundishwa na Devotha mstari kwa mstari, kisha akapelekwa kozi na kurudi na kompyuta mpakato pamoja na cheo cha mkaguzi msaidizi. Alipokuja kuomba ufunguo wa droo, Devotha alimwambia umepotea. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wake, chini ya pipi za mnanaa.

"Utaonekana tu, dada," Anold akasema kwa upole.

Upole ule ndio uliomchoma zaidi. Angefoka, angalau wangegombana. Kwa hiyo ilipopigwa simu kuwa kuna kitabu kimeibwa kwenye ofisi ya maji jirani na stendi, Devotha alichukua daftari lake na kutoka kabla hajaulizwa kama anataka kwenda. Bora kuhangaika na wizi wa watu kuliko kufunga boksi lako huku mtu uliyemlea amesimama anasubiri kiti.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na bango lake lilisema Jumuiya ya Watumia Maji ya Mto Nkwini. Siku hiyo walikuwa wanahama. Jengo lao jipya lilikuwa ng'ambo ya reli, na fuso ya kubeba vitu ingefika saa kumi. Saa saba mchana Devotha alipopanda ngazi, upepo wa Same ulikuwa unapeperusha karatasi kutoka chumba hadi chumba, na kila mtu alikuwa ameinama juu ya boksi lake. Katibu, Wilbard Kajiru, alikuwa ametangaza kuwa kuhama ni msaragambo, kazi ya wote kama ya kuchimba mfereji kule milimani, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutuma mtu amfungie meza yake.

Kajiru alieleza shida kwa pumzi moja. Kilichopotea ni Kitabu cha Zamu. Kule Bombo na vijiji vya jirani maji ya kumwagilia hukusanywa usiku kwenye ndiva, yale mabwawa madogo ya mawe na udongo, na kufunguliwa alfajiri. Kila ukoo una siku yake, na watu wa bondeni upande wa Kihurio nao wana siku zao. Siku hizo zimeandikwa kwenye kitabu kimoja tu tangu mwaka sitini na moja, na chini ya kila ukurasa kuna alama za vidole gumba vya wazee ambao wengi wao wameshazikwa. Jumatatu kulikuwa na kikao cha watu wa juu na wa chini. Bila kitabu, kila upande ungekuja na kumbukumbu yake, na wengine wangekuja na mapanga.

"Na aliyekichukua namjua," Kajiru akasema. Akamwonyesha karatasi mbili mezani, zimeshachapwa, bado sahihi. Moja ilimwachisha kazi Neema Msuya, karani wa kompyuta. Nyingine ilimkabidhi polisi. "Fuso ikiondoka hapa saa kumi bila kitabu, naweka sahihi zote mbili."

Kwa hiyo zilikuwa zimebaki saa tatu.

Neema alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mtu wa Usangi, Upare wa kaskazini, na mkataba wake wa mwaka mmoja ulikuwa unaisha mwezi huo huo. Angethibitishwa kazini au angerudi nyumbani. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alieleza bila kuzunguka kwamba Jumanne mchana alisaini kukichukua kitabu ili alinganishe ukurasa mmoja na picha alizokwisha kuzipiga, picha ambazo wazee hawazikubali badala ya kitabu chenyewe. Saa kumi na nusu alikirudisha, kimefungwa kwenye kanga inayokifunika siku zote, akakiweka juu ya meza ya Mama Rogath ambaye hakuwepo. Hakumngoja asaini kupokea. Alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya.

"Kosa langu ni hilo," akasema. "Sikumngoja."

Na kanga? Hapo Neema aliinamisha kichwa. Jana yake, Jumatano, kitabu kilipokosekana, walipekua ofisi nzima, na kanga ilikutwa ndani ya droo yake, chini kabisa. Hakujua ilifikaje.

Devotha aliiomba. Ilikuwa kanga nyekundu iliyochakaa, yenye maneno Mgeni Njoo Mwenyeji Apone, na Kajiru alikuwa ameihifadhi vile vile ilivyokutwa. Ilikunjwa mara nne, pindo juu ya pindo, maandishi yakiwa ndani, na mikunjo yake ilikuwa imenyooshwa kwa kiganja. Devotha aliiangalia kwa muda mrefu kuliko Kajiru alivyopenda. Mwizi aliyefungua kitabu kwa wasiwasi huku akisikiliza ngazi hakunji kanga namna hiyo. Angeiviringisha na kuitupa mbali, tena mbali na droo yake mwenyewe. Aliandika: *imekunjwa na mtu asiye na haraka, tena anayeiheshimu.*

Kisha akapekua boksi la Neema, maana kazi ni kazi. Alikuta chaja tatu, kikombe, mafuta ya kupaka, picha ya mahafali, kitabu cha nyimbo, na bahasha isiyofungwa. Ndani kulikuwa na nakala ya barua ya wiki tatu zilizopita kwenda kwa Katibu. Neema aliomba chumba cha chini chenye dirisha alichopangiwa kwenye jengo jipya apewe Mama Rogath. Wazee wa ndiva wanamfuata yeye, aliandika, na ngazi zinawaumiza magoti. "Mimi nitakaa popote penye umeme." Kajiru alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: *Nitafikiria.*

Devotha aliisoma barua mara mbili, akajisikia vibaya, na hakutaka kujua kwa nini. Hakuna aliyewahi kumwandikia yeye barua ya namna hiyo. Halafu akajikemea kipolisi: mjanja naye anaweza kuandika barua ya wema na kuiacha mahali pa kuonekana. Akaitia kwenye daftari lake.

"Mwenyewe anajua habari ya barua hii?"

"Mama Rogath? Hapana. Nilitaka aambiwe na Katibu, asije akaona namhurumia."

Mama Rogath alikuwa chumba cha pili, ameketi katikati ya sakafu tupu. Jina lake la kazini lilikuwa Yudith Mkwizu, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa mtunza kitabu. Watu wa milimani walikuwa wakishuka Same kwa shida ya maji wanaulizia Mama Rogath, si Jumuiya. Walimletea magimbi, tangawizi na ndizi, na yeye, Kajiru alisema kwa fahari, alikuwa akiteremka ngazi zote kwenda kuwapokea wazee mlangoni.

Meza yake ilikuwa imeshatolewa nje. Maboksi yake mawili yalikuwa tayari, na Devotha aliyafungua yote. Vikombe vilifungwa kwenye magazeti, kimoja kimoja. Kulikuwa na miwani ya akiba, chupa ya chai, Biblia, mihuri ya zamani, na saa ya ukutani iliyofungwa kwenye taulo. Kitabu hakikuwemo. Kilichobaki chumbani ni kiti alichokalia, cha mbao, chenye mto wa kitenge aliojishonea mwenyewe, na ukutani ramani ya jengo jipya iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi. Kila chumba kiliandikwa jina la mtu wake.

Mama Rogath aliitikia shikamoo ya Devotha vizuri tu, akaomba radhi kwamba hasimami, mgongo unamsumbua. Alieleza kwamba Jumanne alirudi mezani saa kumi na moja kasoro na hakukuta kitabu wala kanga. Alisema hataki kumsingizia mtoto wa mtu. Halafu akaongeza bila kuulizwa, akiwa anaangalia ramani, kwamba vijana wa siku hizi wanaharakishwa sana, mtu hajamaliza mwaka anapewa chumba chenye dirisha.

"Wewe umepangiwa wapi, mama?"

"Juu. Karibu na stoo."

Devotha alikijua kidonda hicho kilivyo, maana alikuwa nacho tangu asubuhi. Kwa hiyo hakukigusa. Akashuka kumtafuta dereva, na hapo akapoteza saa nzima.

Dereva, Hezroni, alizaliwa Kihurio, na kaka yake ndiye aliyesimama kwenye kikao kilichopita na kusema Kitabu cha Zamu ni uongo wa watu wa milimani. Tena Hezroni alikuwa na ufunguo wa ofisi. Alipoulizwa kuhusu Jumanne jioni alibabaika, akasema alikuwa nyumbani, kisha akasema alikuwa gereji. Devotha alimwamuru afungue pikapu. Chini ya siti ya abiria kulikuwa na kifurushi bapa, kimefungwa nailoni nyeusi na kamba ya katani, ukubwa wa kitabu hasa. Kajiru, aliyekuwa amewafuata, alishusha pumzi na kuanza kumshukuru Mungu.

Ndani kulikuwa na samaki wakavu.

Hezroni aliomba wazungumze pembeni. Jumanne jioni alikuwa amekwenda Nyumba ya Mungu na gari la ofisi bila ruhusa, kununua perege. Wengine aliwapeleka kwake. Hawa walikuwa wa Blandina anayeuza chai pale stendi, na mke wake hakupaswa kujua, kwa sababu mwezi uliopita alimwagia Blandina chai yake mwenyewe kisa tu Hezroni alimsifia chapati zake. Devotha alimpigia muuza samaki, naye akathibitisha kwamba hadi saa kumi na mbili Hezroni alikuwa bwawani akibishana naye juu ya ukubwa wa samaki. Hiyo njia ikafa hapo.

"Wivu wa mke wangu, afande, acha tu," Hezroni akasema huku akifunga nailoni upya. Kwa vile alikuwa amepona, akawa mtu wa maneno mengi. Alilalamika kwamba siku hiyo amebeba kila kitu peke yake. Kasoro saa ya ukutani. Saa ile alitaka kuishusha yeye asubuhi, Mama Rogath akamkatalia, akavua viatu, akapanda juu ya meza na kuishusha mwenyewe. "Umri ule, na bado mwepesi."

Devotha aliandika hilo pia, kwa mazoea ya kuandika kila kitu.

Saa tisa na robo ngazi zikalia kwa fimbo. Aliyekuwa anapanda ni Mzee Eliufoo, mlinzi wa ndiva kubwa ya Bombo, mwenye miaka themanini na minne. Alikuwa ameteremka na basi la alfajiri, amevaa koti lake la kanisani. Watu wote wakaacha walichokuwa wanafanya. Kajiru alivua kofia. Hezroni aliweka chini meza aliyokuwa amebeba. Neema, pamoja na uso wake uliovimba, alipiga goti dogo na kushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. Devotha, binti wa milima hiyo hiyo, alijikuta ameshafika mlangoni kutoa shikamoo yake.

Mama Rogath aliitoa yake akiwa amekaa. Alinyoosha mikono yote miwili kutoka kitini, akainamisha kichwa sana, akasema mgongo, baba, mgongo. Mzee alimwangalia kwa muda kabla ya kuitikia marahaba.

Devotha aliona Kajiru akikunja uso kidogo, akaona hata Neema ameshtuka. Kwao, mwanamke mwenye homa ya malaria alikuwa akiinuka kitandani kumsalimu mzee wa namna ile, kisha anarudi kulala. Mama yake Devotha asingekubali sababu ya mgongo. Na huyu alikuwa mwanamke aliyezoea kushuka ngazi zote.

Devotha alimtafutia mzee ndoo ya kukalia, akachutama mbele yake, akamuuliza amefuata nini. Mzee alishangaa kuulizwa. Alikuja kukisindikiza kitabu. Kitabu cha Zamu hakivuki mlango bila mzee wa ndiva kuwepo. Ndivyo ilivyokuwa tangu kilipotoka milimani, na ndivyo alivyoapa mtunzaji wake miaka ishirini na miwili iliyopita, ameweka kiganja juu ya jiwe la mdomo wa ndiva, maji yakipita. Aliapa kwamba hakitatoka nje kwa mkono wake, hata kwa usiku mmoja. Mzee hakuwa ameambiwa kwamba kimepotea, na Devotha ndiye aliyelazimika kumwambia.

"Nani mwingine ameapa, baba, katika ofisi hii?"

"Yeye tu."

"Mwizi hajali kiapo cha mtu."

"Mwizi hajali," mzee akakubali. "Aliyeapa anajali."

Devotha alisimama dirishani na kulipitia daftari lake kutoka ukurasa wa kwanza. Kama aliyechukua ni mwizi wa kawaida, kitabu kilishavuka mlango Jumanne na hakuna cha kufanya. Lakini kanga ilikunjwa na mtu anayeiheshimu, asiyeogopa kukutwa nayo mkononi kwa sababu wote wamezoea kumwona nayo. Mtu huyo akiwa ameapa, basi kitabu hakijatoka. Na kama hakijatoka, kimo humu. Makabati yote yalikuwa uani, matupu. Maboksi yote alikuwa ameyafungua kwa mikono yake. Dari lilikuwa la zege. Katika vyumba vyote viwili, tangu saa saba hadi sasa, kitu kimoja tu hakikuwa kimeinuliwa kutoka mahali pake, kwa sababu mwenyewe hakuinuka.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Chini, fuso ilikuwa inapiga honi ikirudi nyuma. Devotha aliwaomba wote washuke wakapakie, na mzee naye ashikwe mkono ateremke taratibu. Akafunga mlango wa chumba cha pili.

"Mama," akasema, "naomba usimame."

"Nimekwambia mgongo, mwanangu."

"Asubuhi ulipanda juu ya meza ukashusha saa."

Mama Rogath alinyoosha gauni juu ya magoti.

"Na Mzee Eliufoo umemsalimu umekaa. Mama, mgongo gani huo?"

Upepo ulisukuma dirisha likagonga mara mbili. Mama Rogath alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa tena. Kisha akasimama, wima kabisa. Alifungua zipu ya mto, akaingiza mkono nyuma ya sponji, na kutoa kitabu kikubwa cha jalada gumu jeusi. Kilinuka moshi, kwa sababu kabla ya kuletwa Same kilikaa miaka mingi kwenye uchaga juu ya moto, wadudu wasikile. Alikishika kifuani.

Devotha alimuuliza kwa nini, ingawa angeweza kujijibu mwenyewe.

"Wivu, mwanangu. Usinitafutie jina lingine."

Akaeleza, na hakujipunguzia. Miezi mitatu alimfundisha yule binti jina la kila mfereji, ukoo gani uligombana na upi, alama ipi ni kidole cha nani. Binti akapiga picha, akaingiza kwenye kompyuta. Mwezi uliofuata watu wakaanza kupanda ngazi wanaulizia yule dada wa kompyuta yupo. Wengine ni watu aliowapokea yeye tangu wamebebwa mgongoni. Kisha ikabandikwa ile ramani, na kila asubuhi alikuwa anaikuta hapo ukutani, chumba cha dirisha na jina la Neema. Jumanne alikuta kitabu mezani, hakijasainiwa, na hakukuwa na mtu. Alifikiri binti atalaumiwa kwa uzembe, mkataba wake hautaongezwa, na kitabu kitaonekana wakati wa kuhama, mzee akiwepo, kiapo kisivunjike. Polisi hakuwafikiria.

"Na kanga kwenye droo yake?"

"Hiyo pia niliifikiria," akasema Mama Rogath. Sauti yake ilishuka. "Hiyo niliifikiria vizuri sana."

Devotha alifungua daftari na kumpa ile barua. Mama Rogath aliisogeza mbali kidogo na macho, akaisoma. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tarehe. Ilikuwa imeandikwa siku tatu baada ya ramani kubandikwa. Akairudisha mkononi mwa Devotha, akaketi tena.

"Nikisema mimi huko chini, yatakuwa maelezo ya polisi," Devotha akamwambia. "Ukisema wewe, yatakuwa maneno ya mtu mzima. Una dakika kumi."

Mama Rogath alitumia mbili. Alikifunga kitabu kwenye kanga, akanyoosha pindo, akashuka ngazi mbele ya Devotha. Kizingitini alisita mpaka mzee alipogeuka na kumwona, ndipo akavuka. Kwanza alimwendea Mzee Eliufoo, akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi la uani, akamsalimu upya. Mzee akaitikia, na hakumwambia ainuke. Kwa hiyo aliyasema mengine akiwa pale pale, mbele ya Katibu, dereva, wapakiaji wa fuso na Neema. Alitaja siku, saa, mto wa kiti na droo. Hakutaja mgongo.

Kajiru alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya boksi la mafaili. Alizitoa zile karatasi mbili mfukoni na kuzichana, polepole, zikawa vipande vidogo ambavyo upepo uliviondoa mkononi mwake. Akasema habari ya Mama Rogath itaamuliwa na kamati baada ya kikao cha Jumatatu, na mpaka hapo hatagusa kitabu. Alisema hivyo kwa uchungu, maana naye alikuwa amelelewa kazini na mama huyo huyo. Kisha akamgeukia Neema na kumwomba radhi, akaongeza kwamba barua yake ile ya chumba alikuwa ameshaamua kuikubali. Mama Rogath angepewa. Lakini sasa, akasema, basi Neema mwenyewe aseme.

Neema alikuwa amesimama karibu na tairi la fuso. Hakuwa analia tena.

"Jana nililia mbele yako, mama," akasema. "Ukaniletea maji ya kunywa."

Mama Rogath, bado amepiga magoti, aliangalia vumbi.

Neema alimwendea Devotha na kunyoosha mkono. Devotha akampa barua. Neema aliikunja mara mbili, akaitia kwenye boksi lake, akabandika utepe wa gundi juu ya boksi kutoka upande mmoja hadi mwingine, akausugua kwa kidole gumba ushike.

"Katibu, chumba nitakaa mimi."

Wote walimtazama Mzee Eliufoo, kwa sababu mzee akitamka neno la kusamehe, mtu mdogo hukubali hata kama moyo haujakubali. Mzee alikipokea kitabu, akakipakata. Akaanza kutembea kuelekea reli bila kutamka neno. Kwa desturi mtunzaji humfuata mzee nyuma, hatua tatu. Mama Rogath alisimama, akapangusa magoti, akafuata. Chumba cha chini, chenye dirisha, ndicho ambacho wazee wa ndiva wangekuwa wanaishia kuanzia Jumatatu. Kule juu karibu na stoo hakuna mwenye magoti mabovu ambaye angepanda.

Devotha alirudi kituoni saa kumi na mbili. Anold alikuwa ameweka kompyuta juu ya magoti, amekaa kwenye benchi la walalamikaji, na meza ya dirishani ilikuwa vile vile alivyoiacha. Alimuuliza kama kitabu kimepatikana. Devotha akasema kimepatikana, na kwamba ataandika ripoti kesho. Halafu akafungua mkoba, akachakura chini ya pipi, na kuweka ufunguo mezani.

"Ala, umeonekana," Anold akasema. "Ulikuwa umepotelea wapi?"

"Haukupotea. Niliuficha."

Anold alimwangalia, akatazama ufunguo, akafunga kompyuta. Hakusema neno la upole safari hii. Alitoka nje, akarudi na boksi tupu la sabuni, akaliweka miguuni pa Devotha, na Devotha akafungua droo.